Mimea ifiche mitambo ya jengo, isiinyime hewa wala njia

WAMILIKI wengi wa majengo ya kibiashara nchini hugharimika kulipamba lango la jengo, kisha wakaacha jenereta, transfoma na viyoyozi vikiwa wazi ubavuni, machoni pa kila mpita njia.

Njia nafuu ya kuondoa dosari hiyo ni kupanda mimea. Hata hivyo, ua uliopandwa kiholela huweza kuharibu mtambo, kumzuia fundi na hata kuhatarisha maisha. Mtambo ufichwe machoni tu, usinyimwe hewa wala njia.

Kiyoyozi huondoa joto ndani ya jengo na kulitoa nje kwa feni. Majani yakiisonga feni hiyo, hewa ya moto hurudi mtamboni, bili ya umeme hupanda na kompresa huchakaa mapema. Maagizo ya mtengenezaji huonyesha nafasi inayohitajika kila upande. Nafasi hiyo ipimwe kwa ukubwa wa mmea uliokomaa, wala si kwa mche unaotoka kitaluni.

Jenereta yahitaji uangalifu zaidi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Ua mrefu ulio karibu na bomba la moshi waweza kuuzuia moshi usitawanyike, ukaishia madirishani. Majani makavu nayo yasiachwe karibu na bomba, kwani hushika moto.

Aidha, ua wa mimea hauzimi mngurumo. Hata ukanda wa miti iliyosongamana wenye upana wa mita 30 hupunguza kelele kwa desibeli 5 hadi 8 tu. Anayetaka kutii kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele atategemea ukuta au kasha la kuzuia sauti, kisha mimea iufunike ukuta huo.

Transfoma iliyowekwa ardhini isizungushiwe mimea pande zote. Nchini Marekani, kampuni nyingi za umeme hutaka mita 3 ziachwe wazi mbele ya mlango wake, ili fundi apate nafasi ya kufanya kazi kwa usalama. Hapa Kenya, mwenye jengo aiulize kampuni ya umeme kabla ya kuchimba shimo lolote, kwa kuwa huenda nyaya zimepita chini ya ardhi.

Isitoshe, wezi wa mafuta na shaba ya transfoma wamekuwa kero nchini kwa miaka mingi. Kichaka kinachoificha transfoma kabisa huwaficha wao pia. Ni heri ua ulingane na kimo cha mtambo na upande mmoja ubaki wazi kwa mlinzi kuona.

Uteuzi wa mimea nao una uzito wake. Wahenga wa siku hizi husema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Michongoma hufaa mpakani mwa kiwanja, lakini miiba yake ni adhabu kwa fundi anayeitwa usiku umeme ukipotea. Bogonvilia pia ina miiba. Mizizi ya fikasi hupasua mabomba na sakafu, na jakaranda humwaga maua yake juu ya mitambo ifikapo Oktoba.

Haibiskasi, ambayo hubaki kijani mwaka mzima na hustahimili kupogolewa, ni chaguo jema. Mahali pembamba, yasmini yaweza kutambaa juu ya kimia cha mbao kilichosimamishwa mbali kidogo na mtambo. Pwani, mivinje huvumilia upepo wa chumvi, ila ipandwe mbali na feni kwa sababu ya vijiti vinavyodondoka.

Miche ipandwe mwanzoni mwa mvua za masika, mwezi Machi, na maji ya kunyunyizia yasielekezwe kwenye mitambo. Kabla ya hapo, mwenye jengo awakutanishe fundi na mtunza bustani papo hapo penye mitambo. Fundi aonyeshe mlango unakofungukia na hewa inakotokea, ndipo mtunza bustani achimbe.