Milango ya kalsiamu na wasaidizi wake

Mzee mmoja wa parokia yetu alishikwa na mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikauka, lakini maumivu hayakutoka. Usiku hata shuka ikimgusa ubavuni alilia. Daktari akampa vidonge viitwavyo gabapentini, na baada ya majuma machache akaanza kulala. Akatuuliza: «Mwalimu, kidonge hiki kinafanya nini ndani yangu?» Siku ile hatukuwa na jibu. Basi tukasoma, na habari tuliyoikuta yaanzia katika moyo wa chura.

Kule London daktari Sydney Ringer alikuwa akitia moyo wa chura katika maji ya chumvi, nao ulipiga vizuri. Akafikiri kwamba chumvi ya kupikia yatosha. Kumbe msaidizi wake alitumia maji ya bomba, siyo maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Ringer alipotumia maji safi kabisa, moyo ulilegea ukasimama. Katika maji ya bomba mlikuwa na kalsiamu, kitu kile kile kilichomo katika chokaa na mifupa. Mwaka wa 1883 aliandika wazi kwamba habari yake ya kwanza ilikuwa na kosa. Sisi twampenda kwa neno hilo kuliko kwa mengine yote.

Mwaka wa 1953 Paul Fatt na Bernard Katz walipima umeme katika misuli ya kaa, na mwaka wa 1958 Fatt na Ginsborg walionyesha kwamba umeme ule waletwa na kalsiamu inayoingia ndani. Basi kila seli ya msuli au ya neva ina milango midogo katika ngozi yake. Nje kalsiamu ni nyingi kuliko ndani mara elfu kumi na zaidi. Umeme wa ngozi ukibadilika, mlango wafunguka kwa muda mdogo sana, kalsiamu yaingia kwa kasi, na hapo msuli wajikaza, au neva yapeleka habari kwa jirani yake.

Lakini mlango wenyewe ni kitu gani? Mwaka wa 1984, kule Seattle, Benson Curtis na William Catterall waliutoa katika misuli ya sungura. Haukutoka peke yake: protini nyingine zilikuja zimeushika. Mtu angeweza kudhani ni takataka tu. Mwaka wa 1987 hesabu ilikuwa imetimia: alfa-moja, ambayo ndiyo mlango wenyewe, tena beta, gamma, na alfa-mbili iliyofungwa pamoja na delta.

Ili kujua kazi ya wasaidizi hao, wataalamu walirudi kwa chura, safari hii yule mwenye kucha wa kusini mwa Afrika. Yai lake hutengeneza protini yo yote ambayo umelipa maagizo yake. Wakitia alfa-moja peke yake, umeme ulikuwa kidogo. Wakiongeza beta, ulikua sana, na mlango ulifunguka kwa msukumo mdogo zaidi. Beta hukaa ndani ya seli kama kapita: huushika mlango mahali pamoja, palipojulikana mwaka wa 1994 kule Iowa, na kuukinga usivunjwe kabla ya kufika kwenye ngozi. Tena makapita hawafanani. Beta nyingi huufanya mlango ufungike upesi, lakini mmoja, beta-2a, huuchelewesha. Panya aliyekosa beta ya nne hutembea akiyumba na kushikwa na kifafa. Hayo yalijulikana mwaka wa 1997. Juu ya gamma tutapita upesi, kwani baadaye ilionekana kwamba baadhi ya ndugu zake wana kazi kwingine kabisa.

Sasa tufike kwa mzee wetu. Alfa-mbili na delta huzaliwa kama protini moja, hukatwa, kisha hubaki zimefungana upande wa nje. Kazi yao ni kuifikisha milango kwenye ncha za neva. Neva ikijeruhiwa, msaidizi huyo huongezeka, na habari za maumivu huzidi. Gabapentini ilitengenezwa kwa kuiga kitu kingine cha ubongo; Marekani iliruhusiwa mwaka wa 1993 kwa wenye kifafa, na mwaka wa 1996 tu ndipo ilipojulikana kwamba hushika alfa-mbili-delta. Haizibi mlango. Humshika msaidizi, na wataalamu wengi husema kwamba hivyo milango inayofika kwenye ncha hupungua.

Tulimweleza mzee hayo jioni moja barazani kwake. Tukamwonya pia kwamba asimgawie jirani vidonge vyake, kwani huleta kizunguzungu na usingizi, wala asiviache ghafula pasipo kumwuliza daktari. Akasikiliza mpaka mwisho. «Basi, mwalimu,» akasema, «yule msaidizi wa bwana wa London, walimkaripia kwa ajili ya maji yale?» Hilo hatukulikuta kitabuni.