FAHAMU: Mjukuu wa Waziri Mkuu wa Kwanza wa Uganda Aliyetwaa Super Bowl Mara Mbili, Moja Akiwa na Mguu Uliovunjika

Wadau, tuseme ukweli. Wengi wetu hapa Dodoma tukisikia Super Bowl tunawaza shoo ya mapumziko tu. Nani kaimba, nani kavaa nini, basi. Mechi yenyewe inaanza saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa zetu, Area C yote imelala, na mchezo wenyewe hatuuelewi. Lakini kuna jina la huku kwetu kabisa lililowahi kukaa mgongoni mwa jezi ya mabingwa, tena mara mbili: KIWANUKA.

Ndiyo, Kiwanuka wa Uganda hii hii ya jirani. Anaitwa Mathias Kiwanuka, amezaliwa Machi 8, 1983 mjini Indianapolis, Marekani, kwa wazazi waliotoka Uganda. Wanaomfahamu humtaja kwa mambo mawili: babu yake, na tukio moja la uwanjani ambalo mpaka leo mashabiki wanalikumbushia. Mimi naona hayo mawili peke yake hayamtoshi. Twende taratibu.

KUHUSU BABU

Benedicto Kiwanuka alikuwa mwanasheria aliyesoma London na kiongozi wa chama cha Democratic Party. Chama chake kilishinda uchaguzi wa 1961, na Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, wakati nchi imepata serikali ya ndani lakini bado haijapata uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa amepita njia hiyo hiyo huku kwetu mwaka mmoja kabla. Tofauti ni kwamba Kiwanuka hakukaa. Uchaguzi mwingine ukafanyika Aprili 1962, akashindwa, na uhuru wa Oktoba 9, 1962 ukapokelewa na Milton Obote.

Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimweka ndani. Idi Amin alipopindua nchi Januari 1971 akamtoa, kisha akampa ujaji mkuu. Alikuwa Mganda wa kwanza kushika kiti hicho. Shida ni kwamba mzee aliichukulia kazi yake kwa uzito. Septemba 1972 akaamuru aachiwe Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa na jeshi bila msingi wa kisheria. Mwezi huo huo, tarehe 17, Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania walivuka mpaka kujaribu kumng'oa Amin, wakashindwa. Hali ya Kampala ikawa mbaya kwa yeyote aliyetiliwa shaka. Siku nne baadaye, Septemba 21, watu wenye silaha wakamchukua Jaji Mkuu ndani ya Mahakama Kuu, mchana kweupe. Hakurudi, na mwili wake haukupatikana.

Miaka sita na kitu baadaye vita ya Kagera ikaanza. Kama una mzee wa ukoo kutoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni aliyekwenda vitani mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, basi familia yako nayo imo kwenye simulizi hii. Amin aliyekimbia siku zile ndiye aliyemfanya Mathias azaliwe akiwa na babu wa kwenye picha tu.

KAZI YAKE ILIKUWA IPI?

Sasa tuje uwanjani. Timu ina wachezaji 11. Wanaoshambulia wanapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10. Yadi 10 unazijua hata kama hujui kwamba unazijua: ni ile mita 9.15 ambayo mwamuzi hurudisha ukuta wakati wa frikiki pale Jamhuri, Dodoma Jiji wakiwa nyumbani. Wakizipata, wanapewa majaribio manne mapya. Wakikosa, mpira unakwenda kwa wapinzani.

Nyuma ya washambuliaji anasimama kwotabeki, yaani mrushaji mkuu. Mathias alikuwa mlinzi wa mstari wa mbele, upande wa pembeni. Kazi yake ni kumpita au kumsukuma jitu la zaidi ya kilo 130 na kumfikia kwotabeki kabla hajarusha. Ana sekunde mbili, tatu. Akimwangusha, uwanja mzima unalipuka. Asipofika, hakuna anayemtazama, hata kama ni yeye aliyemkimbiza kwotabeki hadi akaangukia mikononi mwa mwenzake.

Jamaa aliifanya kazi hiyo vizuri sana Boston College, na Aprili 2006 New York Giants wakamchukua kwenye drafti, raundi ya kwanza, namba 32.

LILE TUKIO

Novemba 26, 2006, Giants wako ugenini kwa Tennessee Titans. Wanaongoza 21 kwa 0 mpaka robo ya mwisho, halafu Titans wanarudisha mbili, 21 kwa 14. Dakika zinayoyoma. Titans wamebakiwa na jaribio la nne na wanahitaji yadi 10. Kiwanuka anapenya, anamkumbatia kwotabeki Vince Young. Mechi imeisha hapo, wadau. Ni kumlaza chini tu.

Akamwachia.

Alidhani mpira umesharushwa, na sheria inaadhibu vikali kumwangusha kwotabeki ambaye hana tena mpira: yadi 15 na majaribio mapya. Kumbe Young bado anao. Akakimbia yadi 19. Titans wakasawazisha, wakamaliza 24 kwa 21. Kijana ndiyo kwanza yuko msimu wake wa kwanza, na kila televisheni ya michezo inarudia sekunde zile zile.

Sisi wa kizazi cha simu tunajua hali hiyo. Klipu moja ikishasambaa, unakuwa wewe ndiye klipu. Ila angalia alichofanya baada ya hapo.

MGUU, SHINGO NA PETE

Mwaka 2007 Giants walikuwa na walinzi wa pembeni wa kutisha: Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck. Mathias akahamishwa nyuma ya mstari kucheza lainbeka, nafasi yenye majukumu tofauti kabisa. Ni kama kumwambia straika acheze kiungo mkabaji. Akaenda. Novemba, kwenye mechi na Detroit, akavunjika mfupa wa mguu, msimu ukaisha kwake. Februari 3, 2008 Giants wakaifunga New England Patriots 17 kwa 14 kwenye Super Bowl, na Patriots hao walikuwa wameshinda mechi 18 mfululizo. Pete ya kwanza akaipata hivyo, hakucheza fainali.

Msimu uliofuata Strahan amestaafu, Umenyiora kaumia goti, Mathias akarudishwa mstari wa mbele na kuangusha makwotabeki mara 8. Mwaka 2010 akaanza kwa moto, mara 4 ndani ya mechi 3, kisha diski ya shingo ikamtoa nje. Shingo siyo mguu. Watu walianza kujiuliza kama atacheza tena.

Alirudi 2011, tena kama lainbeka. Na Februari 5, 2012 Giants wakawa fainali kwa mara nyingine, dhidi ya Patriots wale wale. Mji? Indianapolis. Kule kule alikozaliwa. Safari hii alikuwa uwanjani kwa miguu yake. Giants 21, Patriots 17, huku zaidi ya watu milioni 110 Marekani wakitazama.

Aliachwa na Giants Machi 2015. Misimu tisa, timu moja, jumla ya kuangusha 38.5 (ile nusu ni ya kugawana na mwenzako). Piga hesabu: ni kama nne kwa msimu wa mechi 16. Maana yake mechi nyingi alirudi nyumbani bila hata moja, amesukumana saa tatu ili mwingine atajwe. Hayo hayana klipu, na ndiyo yaliyokuwa maisha yake ya kazi.

Ndiyo maana nasema simulizi ya babu na simulizi ya kumwachia Vince Young hazitoshi. Jina alilikuta, na tukio lile lilikuwa sekunde chache. Kuhama nafasi, kupona mguu, kupona shingo na kurudi tena kusukumana, hayo aliyafanya mwenyewe.

Haya wadau, tuambiane: ni mchezaji gani wa Bongo mnayemkumbuka kwa kosa moja tu, na huku kafanya mengi ambayo hakuna anayeyataja? Na kama una mzee aliyefika Kampala 1979, muulize kama aliwahi kusikia jina la Ben Kiwanuka, halafu uje utupe majibu.