IHTIKARI YA JAANI

Unayedhani ihtikari ni ya mchele na sukari tu, sikiliza hii ya takataka.

Mwaka 1956 jiji la New York liliamua wenye maduka na hoteli wajitafutie wachukuzi binafsi wa taka. Mafia wakapata mlango. Wachukuzi wakagawana wateja kama shamba la urithi: akiuza biashara yake, anakuuza na wewe mwenye duka! Ukitafuta wa bei nafuu humpati, wote wamekula njama.

Robert Kubecka na shemeji yake Donald Barstow, wachukuzi wa Long Island, walikataa, wakaisaidia serikali kwa ushahidi. Agosti 1989 wakauawa ofisini kwao.

Mashitaka makubwa yalikuja 1995, baada ya askari kanzu kujifanya mtu wa kampuni ya taka. Mwaka 1996 jiji likaunda tume ya leseni; bei zikashuka.