Sonona: Kukata tamaa ni hatari kuliko huzuni

MGONJWA wa sonona anapoanza kusema kuwa kesho haina maana kwake, kauli hiyo haipaswi kupuuzwa. Wataalamu wa afya ya akili huitazama hali ya kukata tamaa kuwa kiashiria kizito cha hatari ya kujiua kuliko huzuni yenyewe.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, Aaron Beck wa Marekani na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 207 waliokuwa wamelazwa wakiwa na mawazo ya kujiua. Katika kipindi cha miaka mitano hadi 10, wagonjwa 14 walijiua. Kilichowatofautisha na wengine ni kukata tamaa, wala si ukali wa sonona.

Mwaka 2005, Thomas Joiner, naye wa Marekani, alieleza hali nyingine mbili: mtu kujiona mzigo kwa jamaa zake, na kujihisi hana kwao. Aidha, hatari huongezeka kwa mtu mwenye pupa ya kutenda, na zaidi kwa aliyewahi kujaribu kujiua.

Hali hizo zaweza kujificha nyuma ya maneno ya kawaida. Mvuvi wa Kilwa Kivinje ambaye maradhi yamemzuia kwenda baharini anaposema kuwa nyumba ingepumua bila yeye, huenda halalamiki tu.

Hata hivyo, wengi wenye sonona hawajiui, na ugonjwa huo hutibika. Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Mwenye hatari ya karibu asiachwe peke yake, na vitu vya kumdhuru viondolewe.

Kwa mkazi wa kisiwa kama Songosongo, ambaye hulazimika kuvuka bahari kufika hospitali, hatua ya kwanza ni zahanati iliyo karibu. Kutoka hapo rufaa yaweza kufika Hospitali ya Kinyonga wilayani Kilwa, Sokoine mjini Lindi, hata Mirembe, Dodoma.

Kikwazo kimoja ni woga wa sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, ilhali Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Familia inayoficha jaribio kwa kuogopa polisi humnyima tiba yule anayeihitaji zaidi.