Dawa za Kienyeji Vijijini Ayalandi: Tiba Ilikuwa ya Nani?

Husemwa mara nyingi kwamba watu wa vijijini walishika dawa za kienyeji kwa kukosa daktari. Historia ya Ayalandi haikubaliani na maelezo hayo. Sheria ya mwaka 1851 iliigawa nchi hiyo katika wilaya za zahanati, ambamo maskini walitibiwa bila malipo. Hata hivyo, desturi za zamani ziliendelea. Kwa nini?

Ushahidi mkubwa umo katika hazina ya Tume ya Mapokeo ya Ayalandi, iliyoundwa mwaka 1935. Kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 walitumwa kuwahoji wazee wao, na tiba ilikuwa mojawapo ya mada. Madaftari yao yanatuonyesha aina mbili za dawa.

Aina ya kwanza ilikuwa mali ya wote. Mwani uitwao carrageen ulichemshwa kwa ajili ya kikohozi; maji ya mvua yaliyotuama katika tundu la jiwe yalipakwa kwenye chunjua.

Aina ya pili ilikuwa ya mtu maalumu. Mtoto wa saba katika mfululizo wa wana wa kiume aliaminiwa kuzaliwa na uwezo wa kuponya. Aliyewahi kulamba mjusi wa majini aliponya majeraha ya moto kwa ulimi wake. Mwanamke aliyeolewa na mume mwenye jina la ukoo sawa na lake alimpa mkate mtoto mwenye kifaduro. Mara nyingi ilikuwa mwiko kumlipa mwenye tiba, pengine hata kumshukuru.

Lugha yenyewe yathibitisha jambo hili. Kiayalandi hakina kitenzi cha kumiliki. Husemwa *tá leigheas aige*, yaani «kuna tiba kwake». Nasi twasema «ana dawa», maana yake yu pamoja nayo. Katika semi zote mbili, tiba hukaa kwa mtu.

Hatudai kwamba kila tiba ilifaa: mkate haukuzuia kifaduro kuua watoto. Lakini zahanati iliuliza ugonjwa gani, kijiji kiliuliza pia nani aponye. Kwa hiyo mtafiti anayeandika jina la mmea tu, bila kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kuutumia na kwa masharti gani, amehifadhi nusu ya maarifa. Nusu nyingine huzikwa pamoja na mzee.