Kufuta au Kutangua? Ufunguo wa Barua Pepe na Msamiati Wake

Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza wazo lililogeuza elimu ya maandishi ya siri. Kabla ya hapo, waandikianao walilazimika kukabidhiana kwanza ufunguo mmoja kwa njia ya salama. Wao walipendekeza funguo mbili zilizo jozi: wa hadhara, ambao yeyote aweza kuutumia kuifunga barua, na wa siri, ambao hubaki kwa mwenyewe ili aifungue. Mwaka 1991 Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP, na utaratibu huo ukawafikia watu wa kawaida watumiao barua pepe.

Kwa mfasiri, tatizo limo katika neno lenyewe. Ufunguo wa hadhara haufungui barua. Kazi yake ni ya kufuli lililo wazi, ambalo mtu huwagawia jamaa zake nao wakalibana tu. Hata hivyo neno limekwisha kuzoeleka, wala hatuna haja ya kulipinga. Tunachoshauri ni uangalifu katika vitenzi vinavyoandamana nalo.

Ufunguo ukiibwa au ukizeeka, mwenyewe huunda jozi mpya, kisha hutangaza hati ya kuwaarifu wenziwe kwamba ile ya kwanza isitumike tena. Ni wepesi kukiita kitendo hiki "kufuta ufunguo", na hapo ndipo penye hatari. Mlango ukibadilishiwa kitasa, ufunguo wa kale hutupwa. Hapa sivyo: barua zilizofungwa kwa jozi ya kale hazifunguliwi kwa jozi mpya. Karani atakayeambiwa "futa ufunguo", naye akatii neno kwa neno, atapoteza kumbukumbu za miaka mingi, wala hakuna fundi wa kumchongea ufunguo mwingine.

Kwa hiyo tunapendekeza "kutangua". Uteuzi hutanguliwa, na ndoa hutanguliwa. Kilichotanguliwa hakina nguvu tena mbele ya watu, lakini kumbukumbu zake hazichomwi. Vivyo hivyo "hati ya kutangua" yafaa iandaliwe siku ile ile ufunguo unapoundwa na kuwekwa mahali pa salama, kwa kuwa ufunguo wa siri ukishapotea, hati hiyo haiwezi kutengenezwa tena. "Kufuta" na libakie kwa kitu kiondolewacho kabisa, kisichotazamiwa kurudi.