Mtoto wa Coupvray na Nukta Sita

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Methali hii hutumika sana kumwonya mtu asimcheke mwenye kilema, lakini ina maana ya pili isiyotajwa mara nyingi. Ikiwa umbo la mtu halikamiliki mpaka siku ya kufa kwake, basi mtoto aliyepoteza macho katika utoto wake hajamalizika kuumbwa. Na walio karibu naye, yaani wazazi, walimu na watoto wenziwe, wana sehemu yao katika umbo hilo. Ushahidi wa maana hii umo katika maisha ya mtoto mmoja wa Ufaransa. Jina lake hutajwa kila siku na wasioona wa dunia nzima, lakini habari za utoto wake hazijulikani na wengi.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809, katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko na hatamu za farasi. Mwaka 1812 mtoto aliingia katika karakana, akashika chombo chenye ncha kali cha kufanyia kazi ya ngozi, akitaka kuiga afanyavyo baba yake. Chombo kiliteleza kikamchoma jicho. Uganga wa siku zile haukuwa na dawa ya kuzuia usaha. Jicho la kwanza liliharibika, ugonjwa ukahamia katika jicho la pili, na alipofika umri wa miaka mitano alikuwa kipofu kabisa.

Katika Ulaya ya wakati ule vipofu wengi maskini walipata riziki yao kwa kuomba njiani. Simon-René na mkewe Monique hawakumridhia mtoto wao fungu hilo. Hawakumficha, wala hawakumdekeza. Baba alimchongea fimbo, na kwa fimbo hiyo Louis alijifunza njia za kijiji. Alipewa kazi ya kutengeneza matamvua ya kupambia hatamu. Husimuliwa pia kwamba baba alipigilia misumari yenye vichwa vya mviringo juu ya ubao kwa maumbo ya herufi, ili mtoto azisome kwa kupapasa. Mzazi mwingine angaliufunga mlango wa karakana asimwone tena mtoto humo. Mzazi huyu aliufungua, na mahali palipomjeruhi mtoto pakawa chuo chake cha kwanza.

Baada ya nyumba ilikuja zamu ya shule. Mwaka 1815 padri mpya, Jacques Palluy, alifika kijijini akaanza kumfundisha. Baadaye mwalimu Antoine Bécheret alimkubali akae darasani pamoja na watoto waonao. Louis alisikiliza, akakumbuka, akajibu vizuri. Lakini hapo ndipo wema wa kijiji ulipofika ukingoni. Wenzake walifungua vitabu, yeye akakaa kimya. Mapenzi yalimfikisha darasani. Hayakuweza kumpa kitabu.

Tarehe 15 Februari, 1819, alipokuwa na umri wa miaka kumi, alipelekwa Paris katika Chuo cha Kifalme cha Vijana Wasioona. Asili ya chuo hicho ni shule iliyofunguliwa na Valentin Haüy mwaka 1785, mtu anayestahili heshima kubwa, kwani aliuonyesha ulimwengu kwamba kipofu anaweza kusoma. Vitabu vyake vilipigwa chapa kwa herufi za kawaida zilizoinuka juu ya karatasi. Shabaha yake ilikuwa njema: kipofu asome herufi zile zile zinazosomwa na watu wengine. Hata hivyo, herufi hizo zilibuniwa kwa ajili ya jicho. Kidole kilipaswa kuzizunguka moja moja, na mwisho wa sentensi ulipofika mwanzo wake ulikuwa umekwisha kusahauliwa. Vitabu vilikuwa vichache, vikubwa na vizito. Na mwanafunzi hakuweza kwa njia hiyo kuandika barua mwenyewe.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyepata kuwa afisa wa jeshi, alileta chuoni maandishi yake ya nukta zilizotuna. Nukta zilifaa kidole kuliko mistari. Lakini kila alama iliweza kuwa na nukta kumi na mbili, zaidi ya zinavyoweza kufunikwa na ncha ya kidole mara moja; tena maandishi hayo yalifuata sauti tu, pasipo kuangalia tahajia. Louis, mwenye miaka kumi na miwili, alianza kuyachezea. Natumia neno hili kwa makusudi. Baada ya masomo, usiku, na wakati wa likizo nyumbani Coupvray, alitoboa karatasi, akapunguza, akapanga upya, kama watoto wengine wapangavyo kete. Hakuna aliyemwagiza kazi hiyo. Ilipofika mwaka 1824 alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na nukta kumi na mbili zimekuwa sita. Sita hizo hutoa alama sitini na tatu, zinazotosha herufi, tarakimu na vituo. Aliutangaza utaratibu wake kwa chapa mwaka 1829, pamoja na njia ya kuandika muziki, kwani yeye mwenyewe alikuwa mpigaji hodari wa kinanda cha kanisa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haüy na Barbier waliwatakia vipofu heri, lakini waliitengeneza heri hiyo kwa macho yao. Kosa lao halikuwa upungufu wa huruma. Lilikuwa ni kutokiuliza kidole.

Upinzani haukukawia. Pierre-Armand Dufau, aliyekuwa mkuu wa chuo tangu mwaka 1840, aliyakataza maandishi ya nukta, na wanafunzi wakaendelea kuyatumia kwa siri. Ni haki tuisikilize hoja ya wapinzani, maana haikuwa ya kipumbavu: waliogopa kwamba maandishi ya peke yao yangewatenga wasioona na watu wengine. Swali hili liko hai mpaka leo, kila tunapobishana kama mtoto mwenye ulemavu asome katika shule yake mbali, au pamoja na wenzake. Jibu la Braille lilikuwa la kitendo. Mwaka 1839 alikuwa amekwisha kutoa njia nyingine, ambayo kwayo kipofu huchora kwa nukta herufi za kawaida zinazosomeka kwa jicho, apate kuwaandikia wazazi na rafiki waonao. Hakuona sababu ya kuchagua baina ya kujitegemea na kuwa pamoja na watu. Alivitaka vyote viwili.

Mwaka 1844, jengo jipya la chuo lilipofunguliwa, maandishi yake yalionyeshwa hadharani kwa sifa. Alikufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari, 1852. Na miaka miwili baadaye, 1854, Ufaransa iliyakubali rasmi.

Kwetu Afrika Mashariki nukta hizo zilipata shule zao Thika mwaka 1946, na Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kiswahili kiandikwacho kwa herufi za Kilatini huingia katika nukta sita bila taabu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu unayataja maandishi ya Braille katika kifungu cha elimu, na katika kifungu kingine unataja haki ya mtoto mwenye ulemavu kushiriki michezo sawasawa na wenziwe. Ni vyema mchezo umetajwa, maana wengi huudhani kuwa ni anasa ya watoto wazima.

Lakini mkataba haufiki penye mlango wa chumba ambamo mtoto amefichwa kwa haya ya wazazi. Mlango huo hufunguliwa kwa ndani. Kabla ya Paris palikuwa na Coupvray. Na kabla ya nukta sita palikuwa na fimbo moja, iliyochongwa na fundi wa matandiko asiyejua kwamba anamchongea njia mtoto wa kila nchi.